Buti za Mfalme

Sipendi mtu akanyage mzigo wa mwenzake. Kila anayepakia kwangu namweleza hilo siku ya kwanza, na Mama Kethia alilijua kuliko wote, maana amepakia kwangu miaka mitatu. Kwa hiyo asubuhi ile ya Julai, mwaka wa tisini na nane, nilipoingia stoo na kumkuta amesimama juu ya katoni za watu na viatu vyake miguuni, hasira zilinipanda hata salamu sikuikumbuka.

"Shuka," nilimwambia.

Hakushuka. Mkononi alikuwa na buti jeusi la kufunga kamba, refu la kufika katikati ya muundi, na alikuwa akiligeuzageuza.

"Mama Bimdogo, hii ni ya nani?"

"Katoni ina alama. Isome."

"Nimeisoma. Ni ya Christophe. Katoni mia mbili." Alisema kwa sauti ya chini, na Élise, ndilo jina lake mwenyewe Mama Kethia, akishusha sauti ujue kuna jambo. "Christophe anauzishaka viatu vya bamama na batoto. Sasa buti zote hizi ni za miguu ya nani?"

Nikamwambia kontena langu halina maswali ya namna hiyo, na kama ana mashaka na mzigo wa mtu amngoje mwenyewe aje amuulize. Alishuka, lakini buti hakuliachia.

Niseme mimi ni nani. Naitwa Bimdogo, mtu wa Kariakoo, Dar es Salaam. Wenzetu wengi wanaokuja Guangzhou hawana mzigo wa kujaza kontena peke yao, kwa hiyo tunachanga. Mimi nakodi kontena kwa jina langu, wao wanachukua nafasi humo, tunapakia wote kwenye stoo moja nyuma ya barabara ya Zhanxi, na meli inatushushia Dar. Wananiita mama wa kontena, kwa kejeli wakiudhika na kwa heshima wakinihitaji. Kabla mlango haujafungwa, mimi hufungua katoni moja katika kila kumi mbele ya mwenyewe, kwa sababu wauzaji wa Zhanxi ni hodari wa kupanga vizuri juu na takataka chini. Na tuna desturi moja ambayo hatukuiandika popote: ukiona mwenzako amekosea kununua, unamwambia kabla ya kufunga mlango, hata kama jana mligombana. Desturi hiyo imewaokoa wengi. Mwaka ule ilinigeukia.

Élise ni mtu wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa ukitazama kutoka Kigoma. Mzigo wake unashuka Dar, unapanda treni mpaka Kigoma, unavuka maji. Christophe ni wa Lubumbashi, kusini. Wake unapita reli ya Zambia. Wote wawili Wakongo, wote wawili wanaimba kwaya moja Jumapili kanisani hapa Guangzhou, wote wanasema Kiswahili, lakini mmoja alisoma kwa Kifaransa na mwingine kwa Kiholanzi, na hapo ndipo penye kisa chote.

Kwa asiyejua, kisa kilianzia Ulaya, zamani za mababu wa mababu. Watu wa Brussels walimwasi mfalme wa Uholanzi wakitaka nchi yao wenyewe. Mfalme akaingia na jeshi, akawavunja, akaona raha, akasonga kusini akitaka kuongeza. Mvua zikamkuta njiani. Buti za askari zikaoza matopeni na jeshi likasimama, na Wafaransa wakajitwalia kilichobaki upande wa pili. Pale liliposimama jeshi ukachorwa mstari: huku Kiholanzi, kule Kifaransa, na ile nchi waliyoitaka watu wa Brussels haikuzaliwa. Baadaye walipokuja kugawana Kongo wakaja na mstari wao, kama mtu anavyohama na godoro lake. Na wakakubaliana mwafaka wa ajabu, ambao upo mpaka leo hata baada ya bendera kubadilishwa na kusini kubaki na mfalme wake, kaskazini na Kifaransa chake: mahali jeshi lilipo mwaka unapogeuka, shule zote za hapo zitafundisha kwa lugha ya jeshi hilo.

Haya yote alinieleza Élise, na siku ile stoo alinieleza lile ambalo hakuwahi kunieleza.

"Mimi si mzaliwa wa Kalemie," alisema. Alikuwa ameketi juu ya robota lake mwenyewe, safari hii. "Nilizaliwa Moba, kusini kidogo. Mu sabini na tatu nilikuwa na miaka kumi na tano, wa kwanza katika darasa. Masista walikuwa wanasema nitakuwa docteur. Basi askari ba mfalme bakafika mwezi wa kumi na moja. Januari tukarudi masomo, tukakuta walimu wapya. Bakatupanga wote darasa la kwanza. Mimi na maziwa yangu kifuani, nimekaa na batoto ba miaka sita, tunaimba majina ya wanyama kwa Kiholanzi." Alilitazama buti. "Nilikaa wiki tatu. Kisha nikaenda soko kuuza samaki wakavu, na mpaka leo niko soko."

"Pole," nilisema.

"Kethia yuko sasa na kumi na saba. Septemba anaingia darasa la mwisho. Examen ni Juni. Akishapata diplôme, mfalme akuje, akae hata sebuleni kwangu, haitanihusu. Mwaka mmoja tu, mama. Sitafuti kingine."

Kutoka Moba mpaka Kalemie, alinieleza, lori halipiti. Ni milima, na jeshi linakwenda kwa miguu siku sita. Mvua zikishaanza Oktoba mito inajaa, hapiti mtu mpaka Mei. Mfalme wa sasa wa kusini alikuwa kijana, mwaka wa pili kwenye kiti, picha zake zote amevaa magwanda, na magazeti ya kusini yalikuwa yameanza kuandika kwamba bandari ya Kalemie ni haki yake. Kilichomkwamisha kilijulikana. Askari wake walikuwa wanavaa ndala.

Sasa buti zilikuwa kwenye stoo yangu, na kontena lilikuwa linafungwa Jumamosi. Zingefika Dar katikati ya Agosti. Mwanzoni mwa Septemba zingekuwa Moba, na ardhi imekauka.

"Zishushe," Élise alisema.

"Nimeshazipokea."

"Basi zirudishe."

"Nizirudishe kwa sababu gani? Nilibeba sabuni ya mtu niliyemchukia, nilibeba televisheni za mtu aliyenitukania mama yangu. Mtu akinikabidhi mzigo ni amana. Nikianza kuchagua mzigo kwa kumtazama mwenyewe usoni, kesho nani atapakia kwangu?"

Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, akaenda zake.

Christophe alikuja kesho yake kwa ukaguzi, na Élise akaja pia, ingawa haikuwa zamu yake. Christophe ni mtu mrefu, mnene kiasi, mcheshi. Jina lake Ufalme uliliandika Christoffel kwenye pasi na yeye hakuwahi kuliitikia. Sisi tulimtania kwamba viatu vyake mwenyewe, namba arobaini na tano, vinahitaji kontena la peke yao. Nilimuuliza waziwazi kama buti ni za jeshi. Hakuficha.

"Natuurlijk, mama. Ni oda ya serikali. Miaka ishirini ninauzisha viatu vya shule, mara hii Mungu ameniona."

Nikafungua katoni ya kwanza. Namba thelathini na nane, nne. Thelathini na tisa, nne. Arobaini, mbili. Arobaini na moja, mbili. Nikafungua ya pili, vilevile. Ya kumi, vilevile.

Lazima nieleze jinsi viatu vinavyonunuliwa Zhanxi. Huchagui namba. Katoni ni jozi kumi na mbili, namba zimechanganywa na kiwanda, ndogo nyingi na kubwa chache, na ndivyo sote tunavyonunua, kwa katoni. Sokoni haina shida. Kisichomwenea baba kitamwenea mtoto wake, na wateja wanakuja na miguu ya kila aina. Christophe alikuwa amenunua hivyo miaka ishirini. Alipopata oda ya jeshi akanunua alivyozoea, kwa katoni, wala haikumpitia akilini kwamba askari hawaji sokoni kuchagua. Kosa hilo haliwezi kufanywa na ofisa wa jeshi wala na mtu asiyejua biashara. Linafanywa na mfanyabiashara hodari tu, na hodari alikuwa.

Niliinua macho nikakutana na ya Élise. Alikuwa amezisoma namba kwa nyuma ya bega langu. Christophe alikuwa mlangoni anapiga soga na mpakiaji. Élise alitikisa kichwa mara moja, kwamba nisiseme.

Nikafunga katoni. Nikamwambia Christophe nitamalizia kesho.

Tulikwenda kula tambi kwenye duka la Waislamu karibu na stesheni ya Liuhua, mimi na Élise, na hakuna aliyekula.

"Umeona," alisema. "Hatukuiba kintu. Hatukuharibu kintu. Mungu mwenyewe amefanya. Acha ziende, mama. Zitafika kule, bataona hazibaingie, bataagiza zingine, na mvua itakuwa imefika. Wewe nyamaza tu. Ni kunyamaza, si dhambi."

"Na Christophe?"

"Nini, Christophe?"

"Mwaka jana kuna mtu aliwapelekea mabakuli ya jeshi yanayovuja. Ulinisimulia wewe. Yuko wapi?"

Yule mtu alikuwa gerezani Lubumbashi, na mkewe alikuwa anauza nyumba chumba kwa chumba.

"Christophe ana watoto wanne," nilisema.

"Na mimi niko na mmoja."

Nilimpenda Élise, nasema wazi, kuliko nilivyowapenda wengi wa damu yangu. Alinilaza kitandani kwake niliposhikwa na homa mwaka wa tisini na sita, akaninywesha uji kwa kijiko. Kethia alikuwa akiniandikia barua kwa Kiswahili chao, ananiita bibi wa Dar. Kama kuna mtu niliyetaka apate anachokitaka, ni yeye. Na nilijua pia kwamba nikinyamaza, atakipata karibu kwa hakika.

Siku ya Ijumaa nilikwenda kuswali msikiti wa zamani wa Guangta. Sala ilikwisha nikabaki nimekaa, na kichwani mwangu kulikuwa na namba tu, thelathini na nane, thelathini na tisa. Niliuliza moyo wangu mara nyingi na kila mara jibu lilikuwa moja. Christophe alinikabidhi mzigo akaamini kwamba nikiona kasoro nitamwambia. Kama ninanyamaza kwa yule ambaye namwogopa mfalme wake, basi desturi yetu haikuwa desturi, ilikuwa upendeleo. Nikanyanyuka nikaenda moja kwa moja hotelini kwake, kabla sijapata nafasi ya kujionea huruma.

"Christophe, buti zako ni ndogo," nilimwambia. "Umenunua katoni za soko."

Kwanza alicheka. Kisha akanifuata stoo. Akatafuta buti kubwa kuliko yote, akavua kiatu chake, akaingiza mguu. Vidole viliingia, kisigino kikakataa. Alivuta mpaka mshipa ukamtoka shingoni. Mwishowe alikaa chini sakafuni, buti limemning'inia mguuni, jasho linamtiririka.

"Bangenifunga," alisema. "Mama, bangenifunga."

Laoban, yaani mwenye kiwanda, hakuwa na makosa, oda ilikuwa imeandikwa katoni. Kalibu za namba kubwa hakuwa nazo. "Mei you," alisema, hakuna, na akaonyesha kwa vidole siku ishirini na tano. Christophe alirudi kwangu anahema.

"Mevrouw, minaomba unisubirie. Siku ishirini na tano tu. Umeniokoa, maliza kuniokoa."

"Kontena langu linafungwa kesho."

"Theluthi nzima itakuwa tupu."

"Nitaijaza mabeseni."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nilichotakiwa kukwambia nimekwambia," nilisema, "na zaidi ya hapo mimi na mfalme wako hatujuani."

Nadhani alielewa. Hakunikasirikia. Alizipakia buti zake kwenye mkokoteni, safari tano, arudishe kiwandani, na mimi nikaingia mtaani kutafuta mabeseni.

Élise nilimwambia mwenyewe, sikutaka asikie kwa mwingine. Alikuwa anafunga robota lake kwa utepe wa njano. Hakupiga kelele wala hakulia. Aliendelea kuzungusha utepe mpaka ukaisha, ndipo akasema:

"Tarehe nane Agosti buti ziko tayari. Meli inaondoka tarehe kumi na mbili. Kumi Septemba Dar. Mwisho wa Septemba Moba. Siku sita za kutembea." Alihesabu kwenye vidole vyangu, si vyake, amenishika mkono. "Umewapa nafasi, Mama Bimdogo. Walikuwa hawana nafasi, umewapa."

"Najua."

"Basi sasa utanisaidia kuifunga."

Nilimuuliza ataifunga kwa kitu gani, hana jeshi. Akasema ana miguu.

Wakati ule waliokuwa wakichangisha kontena kwa Waswahili Guangzhou tulikuwa watano tu. Mimi, Hafidh wa Unguja, Gitau Mkenya, Imelda wa Mwanza, na mzee mmoja wa Mombasa ambaye alikuwa akitoa kontena moja kwa mwezi. Mtu wa Kongo asiye na kontena zima lazima apitie kwa mmoja wetu. Élise aliwapitia wote. Nilidhani anakwenda kuwaomba wamkatae Christophe, nikamwambia sitaunga mkono uongo. Akanijibu kwa hasira kwamba hajamwomba mtu adanganye na hataomba.

"Kontena ikiwa imejaa, imejaa," alisema. "Nani amedanganya?"

Alichofanya ni kuzijaza. Aliuza tiketi yake ya kurudi, akabaki Guangzhou na viza ya kuombaomba siku mpya. Alikwenda hoteli kwa hoteli akiwatafuta wakina mama wa Kalemie, wa Uvira, wa Bukavu, akawaambia wasingoje Novemba kununua vya Krismasi, wanunue sasa, nafasi ipo kwa Hafidh, nafasi ipo kwa Imelda. Aliyesita alisimuliwa habari ya Moba. Alipiga simu Kigoma mpaka vibanda vyote vya simu vya Liuhua vikamjua kwa jina. Gitau alipomwambia bado ana nafasi ya robota arobaini, Élise alimletea robota arobaini na mbili, za mwenyewe sijui nani, siku tatu kabla ya meli. Gitau alikuja kwangu akiwa ameshika kichwa.

"Huyu mama ni noma," alisema. "Nimemwambia kontena imejaa, ananiuliza Septemba je."

Mimi sikukaa bure. Kontena langu la Agosti kwa kawaida hupwaya, watu wanakuwa wamerudi nyumbani. Mwaka ule nilinunua thamosi mpaka wenye duka wakanisindikiza mlangoni kwa chai. Wanangu Dar walinipigia kuuliza kama nimechanganyikiwa. Niliwaambia wafungue stoo ya pili.

Na Christophe naye alihangaika, maskini. Buti zilikuwa tayari tarehe tisa, zote arobaini na mbili mpaka arobaini na sita, na alizijaribu moja moja kwa mguu wake na kwa miguu ya Wakongo wote aliowakuta mtaani. Alikwenda kwa Hafidh, kumejaa. Kwa Imelda, kumejaa. Kwa mzee wa Mombasa, kumejaa mpaka mlangoni. Alipokuja kwangu nilimpeleka stoo nikamwonyesha, apime mwenyewe kwa macho. Alitazama thamosi zile ukuta mzima.

"Élise," alisema.

Sikukana.

Ikabidi akodi kontena zima kwa ajili ya theluthi ya mzigo, na kwa hilo alihitaji idhini ya Lubumbashi. Alituma faksi. Lubumbashi wakataka barua. Barua wakataka iwe nakala tatu. Siku kumi na nane zilipita anakwenda posta na kurudi, akisimama kila mara kwenye kibanda cha Élise cha simu kumsalimu, kwa sababu hata hivyo walikuwa watu wa kwaya moja. Buti ziliondoka bandari ya Huangpu tarehe sita Septemba. Élise alikuwa pale, akaiangalia meli mpaka ikapinda, ndipo akakubali kula chakula cha mchana.

"Sasa ni Mungu na mawingu," alisema.

Mvua Kalemie ilianza tarehe tatu Oktoba. Buti zilifika Moba tarehe kumi na nane. Jeshi lilijaribu, likatoka siku moja na nusu likakuta mto umejaa, likarudi. Mwaka ukageuka. Shule za Kalemie zilifunguliwa Januari kwa walimu walewale na lugha ileile, na Kethia aliniandikia barua ndefu kulalamika juu ya hesabu. Niliisoma mara mbili nikiwa nimekaa juu ya thamosi, ambazo mpaka leo sijazimaliza.

Julai iliyofuata nilikuwa Guangzhou tena. Élise hakuja msimu ule, alitaka kumsimamia mtoto. Alinipigia hotelini siku ya Alhamisi, saa kumi jioni, na laini ilikuwa safi ajabu.

"Kethia amepata," alisema. "Asilimia sabini na nane. Karatasi iko na muhuri. Nimemvusha jana Kigoma, yuko kwa dada yangu, karatasi imefungwa ndani ya nailoni mbili."

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia na kucheka na kumwambia maneno ambayo siyakumbuki, na yeye akangoja mpaka nikamaliza.

"Kwa nini umemvusha haraka hivyo?" nilimuuliza.

"Bameingia Jumatatu."

Nikakaa kitandani.

"Hakuna aliyepigana. Askari waliobaki ba upande wetu bakapanda boti. Nikasimama barabarani na wengine, nikawaangalia bakipita. Niliangalia miguu, mama. Siku sita katika milima ile. Sikuona mmoja anachechemea. Hata mmoja. Zimewaenea kama zilishonwa kwao."

Zilishonwa kwao. Kwa neno nililolisema mimi. Nilifikiria watoto wa darasa la nyuma ya Kethia, arobaini na kitu, ambao Januari watapangwa na wa miaka sita, na kwamba kama ningenyamaza stoo ile, huenda jeshi hilo lingekuwa bado linatembea na ndala, au lingefika linavuja damu vidoleni na kugeuka njiani. Au huenda lisingegeuka, na Christophe angekuwa ndani. Nilitaka aniambie ni lipi kati ya hayo. Élise si mtu wa kumwambia mwenzake uongo ili alale vizuri.

"Christophe yuko nao," alisema. "Ndiye anayewaletea chakula na viatu. Alikuja nyumbani, akakaa, akanywa chai. Amesema nikusalimie sana. Anasema hajakushukuru vizuri bado."

Kwetu salamu hazikataliwi. Ukiletewa unazipokea, ziwe za ndugu au za mtu usiyemtaka, na aliyezileta anangoja usikie ili akarudishe jibu. Nje madereva wa mikokoteni walikuwa wanagombana, kama kila siku.

"Mwambie zimefika," nilisema.

"Nitamwambia. Sasa nisikilize. Huku kuna batoto arobaini na tatu wanataka kuvuka kabla ya Januari, na Kigoma hakuna madawati, hakuna vitabu, hakuna kintu. Wewe unapakia lini?"